Nani Apande Kwanza

Nilitembea siku tano kutoka Asembo hadi Kericho, na siku zote tano shingo iliniuma kwa kutazama mawingu. Mama alikuwa amenituma nikamlete Baba kabla mvua haijafika, na mvua na mimi tukawa kama watu wawili wanaoshindana njiani. Pale Kisumu mvua ilikuwa bado mbali juu ya ziwa, weusi wa upande mmoja tu. Nilipovuka tambarare ya Kano, vumbi likinifika magotini, upepo ulianza kuleta harufu ya udongo uliolowa mahali pengine, nikaongeza mwendo. Siku ya nne nililala Sondu kwa watu tusiojuana, na asubuhi nikaanza kupanda mlima pamoja na vijana wawili waliokuwa wakienda kuandikwa kazi. Mmoja alinitazama kifua na miguu, akamwambia mwenzake, "Huyu anakwenda kwenye chai bila blanketi. Atarudi kwao akiwa samaki mkavu." Nikamjibu kwamba siendi kukaa, naenda kumchukua mzee wangu, keshokutwa nitakuwa nimeshuka. Walicheka, wakasema kila mtu aliyepanda mlima ule alisema hivyo. Tulipopita Sosiot baridi ilikuwa imeniingia masikioni. Nyasi zilikuwa fupi na kijani, ng'ombe walikuwa wanene, na moshi wa nyumba haukupanda juu bali ulilala chini kana kwamba nao umesikia baridi. Nilikuwa na miaka ishirini, viatu vyangu nilikuwa nimevibeba begani ili visichakae, na nilijiona mtu mwenye ujumbe mkubwa.

Ujumbe wenyewe ulikuwa huu. Kwetu, siku zile, hakuna aliyeweza kutia mbegu ardhini kabla ya mwenye boma. Baba ndiye aliyepaswa kuanza, pamoja na Mama, kwa kuwa Mama ndiye mke wa kwanza. Kisha mke wa pili. Kisha mimi, kifungua mimba, niliyekuwa nimegawiwa kipande changu cha shamba. Kisha mdogo wangu Ouma, na hivyo hivyo mpaka mwisho wa foleni. Mtu akiruka zamu, Bibi, mama yake Baba, alitufundisha, huleta chira, ule mkosi unaomkondesha mtu polepole mpaka nguo zimvuke. Na mwana akimtangulia baba yake aliye hai, ni kama amemwambia mbele ya watu: kwangu wewe umekufa. Mpango huo ulifaa sana wakati mwenye boma alipokuwa akikaa bomani mwake. Lakini Baba alikuwa kwenye chai mwaka wa tatu. Miaka miwili alirudi mwenyewe, mapema, kabla ya mawingu. Mwaka huo, mwaka mmoja kabla ya nzige, hakuja. Majembe kumi na moja yaliegemezwa ukutani yakimngoja mtu mmoja, na Mama, ambaye hakuwa mtu wa kupiga kelele, alikuwa ameacha hata kuongea.

Naandika haya nikiwa na miaka arobaini na ushee, katika chumba cha kupanga Nakuru, na mwenye kosa ni Okelo. Mwezi uliopita nilikuwa nimesimama stesheni nikingoja mzigo, mtu mmoja mwenye mvi akanigonga mgongoni akasema, "Mikayi mdogo! Bado unaunguza ugali?" Sikumtambua uso, lakini kicheko nilikitambua kabla sijageuka. Tulikaa kwenye hoteli ya chai mpaka mwenye hoteli akatuomba tuagize kitu kingine. Tangu siku ile, mimi niliyelala Magadi, Mombasa, Kampala na mahali pengine ambapo sikuhitaji kulala, kila nikifunga macho naona nyumba moja tu ya udongo yenye vitanda vitano.

Nyumba hiyo nilifika jioni. Laini, makazi ya wafanyakazi wa chai, zilikuwa safu tatu za nyumba za mviringo, udongo na nyasi, mlango mmoja, dirisha hakuna. Niliuliza, nikaelekezwa, nikainama kuingia. Moshi ulinipiga usoni kwanza. Nilipopangusa macho nilimwona Baba amechuchumaa kwenye mafiga, gunia limefungwa kiunoni, mwiko mkononi, anasonga ugali. Mtu asiye wa kwetu hawezi kujua nililoliona. Maisha yangu yote sikupata kumwona Baba akikaribia mafiga. Nyumbani alikuwa akisema moto wa jikoni huharibu macho ya mwanamume. Alinyanyua uso, akaniona, na mwiko ukasimama.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna, Baba. Ni mvua."

"Imefika wapi?"

"Niliiacha Sondu."

Alifikiri kidogo. Kisha akageukia sufuria, kwa maana ugali haujui kungoja, akaendelea kusonga kwa nguvu zaidi. Kutoka kwenye kitanda cha upande wa kushoto mtu mrefu, mwembamba, alicheka akasema, "Karibu, kijana. Keti chini. Mikayi akiwa anapika haulizwi maswali." Huyo ndiye Okelo, na Mikayi ndilo neno letu la mke wa kwanza wa boma. Nikaelewa polepole. Wanaume watano walioacha wake zao nyumbani walikuwa wamejipangia boma la mzaha. Baba, aliyekuwa mkubwa wao na mpishi bora wa laini nzima, alikuwa Mikayi. Okelo alikuwa mke wa pili, na kama mke wa pili alilalamika kila siku kwamba anaonewa. Wafula, Mluhya kutoka upande wa Mlima Elgon, ambaye kwa ajili yake nyumba nzima iliongea Kiswahili, alikuwa mke wa tatu aliyeolewa kutoka mbali na asiyejua desturi. Waliobaki walikuwa ndugu wawili wa Nyakach, mkubwa wa maneno machache na mdogo wa maneno mengi, na hao waliitwa watoto. Hakuna aliyeonja chakula kabla Mikayi hajaonja. Jioni ile tulikula managu yaliyopikwa kwa maziwa ya mgando, na, Mama anisamehe, sikuwa nimekula mboga tamu kama ile.

Baba alinieleza mbele ya wote, bila kunitazama. Homa ilikuwa imemlaza mwezi mzima. Tiketi ilikuwa ya siku thelathini za kazi, na siku za kulala haziandikwi. Akiondoka kabla haijajaa, kipande chake, kile cheti cha kazi, kitachafuliwa na ataitwa mtoro. "Nimebakiza siku kumi na sita," alisema. Nikahesabu kimoyomoyo: kumi na sita, na Jumapili zake, na siku tano za njia. Mvua ya kwanza ingekuwa imekwisha, na anayepanda na mvua ya pili kwetu huvuna mabua.

Asubuhi tulimwendea nyapara, Mkisii mmoja mnene aliyeitwa Makori, aliyekuwa amevaa koti la jeshi lenye kifungo kimoja. Alitusikiliza huku akiangalia watu wake wakipanga vikapu. "Mimi hapana taka habari ya mvua," alisema. "Mvua iko hapa kila siku. Bwana mkubwa anataka watu ishirini katika mstari. Yeye hapana jua sura, yeye najua ishirini." Akanitazama mikono. "Huyu ni mtoto yako? Wewe kwenda, acha yeye. Mkono mbili kwa mkono mbili. Lakini rudi." Hivyo ndivyo nilivyoingia katika chai: kama dhamana. Baba aliondoka asubuhi hiyo hiyo bila hata kumaliza uji, akakata mteremko kwa mwendo ambao sikujua bado anao. Aligeuka mara moja tu, akapaza sauti, "Maharagwe yalowekwe usiku!" Hilo ndilo agizo pekee aliloniachia.

Nyumba ile ilikuwa na shida na mimi tangu saa ya kwanza. Mwana halali kitandani mwa baba yake, hilo halina mjadala. Basi Okelo akahamia kitanda cha Baba, ndugu mmoja wa Nyakach akahamia cha Okelo, Wafula akahamia cha yule ndugu, na mimi nikapata cha Wafula, kilichokuwa mlangoni, ambapo mvua ya mawe ya alasiri iliingia na kurukaruka juu ya blanketi la kuazima. Wafula alihama akinung'unika: "Kwetu mtu akisafiri, mgeni analala kitandani mwake, basi. Ninyi mnahamisha watu watatu kwa ajili ya mmoja." Okelo akamwambia, "Mke wa tatu, nyamaza, utazoea." Kazini nilipewa gunia la kiunoni na kikapu cha mgongoni, nikaonyeshwa kuchuma majani mawili na kichipukizi chake. Mchana wa kwanza nilichuma majani manne manne ili nijaze upesi, na Makori akayamwaga yote chini mbele ya watu. Jioni nikasonga ugali wangu wa kwanza. Ulikuwa uji upande mmoja na jiwe upande wa pili. Wafula alitafuna upande wa jiwe, Okelo akanywa upande wa uji.

Labda ni kwa sababu ya ugali ule nikatenda nililotenda kesho yake. Nilitaka watu wale waone kwamba nafaa kwa kitu fulani. Nyuma ya nyumba Baba alikuwa na kibustani, urefu wa watu sita waliolala, kilichokuwa kimelimwa vizuri na hakijapandwa. Nilipotoka kazini mvua ilikuwa imekwisha kunyesha, udongo ulikuwa mweusi na laini kama unga uliokandwa. Kwenye debe chini ya kitanda nikakuta mahindi na maharagwe ya mbegu. Nikapanda kibustani chote, mstari kwa mstari, nikiimba.

Okelo alikuja kunawa miguu, akanikuta napiga udongo wa mwisho kwa kisigino. Akasimama, maji yakimwagika kutoka kwenye kopo.

"Wewe. Umefanya nini?"

"Nimewapandia."

"Leo ni siku ya pili tangu mzee wako aondoke. Yuko wapi sasa?"

"Kano, labda."

"Amepanda?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimesoma misheni mpaka madarasa ya juu, niliweza kutaja mito ya Ulaya, na nilikuwa nimekula chungu cha Baba, nimeshika kazi ya Baba, na sasa nimetia mbegu katika shamba la Baba naye akiwa bado njiani, jembe lake halijagusa udongo. Okelo aliwaita wengine. Ukawa baraza. Ndugu mkubwa wa Nyakach, ambaye sikuwa nimemsikia akisema zaidi ya neno moja, alisema mengi siku hiyo. Wafula akauliza shida iko wapi, hapa ni laini, si boma. "Laini haina mwenyewe," alisema. "Haina mke, haina ng'ombe, haina kaburi."

"Mke yuko," Okelo akasema kwa huzuni. "Si tumekuwa tukimwita Mikayi kila siku? Tumelifanya boma wenyewe kwa midomo yetu."

"Basi tunyamaze," nikasema. "Nani atajua?"

"Chira haingoji kuambiwa. Na huyu hapa," akamwonyesha ndugu mdogo wa Nyakach, "tiketi yake imejaa, kesho anashuka. Huyu amewahi kunyamazia nini?"

Ndugu mdogo alitikisa kichwa kwa unyenyekevu. Hakuwahi. Njia yake haikufika Asembo, lakini habari ingefika. Angemwambia mtu sokoni Sondu, na huyo angemwambia mwingine Kisumu. Nilimjua Mama. Akisikia kwamba mwanawe amemtangulia mumewe, hangetoa mbegu ndani mpaka wazee waitwe, dawa itafutwe, watu wanyweshwe na wanyunyiziwe, na yote hayo mvua ikinyesha bure juu ya mashamba matupu. Majembe kumi na moja yangerudi ukutani, na aliyeyarudisha ni mimi niliyetumwa kuyaondoa.

Tukaamua kuzifukua mbegu. Wanaume watano wazima, magoti kwenye matope, wakipekua udongo kwa vidole, jua likiwa bado juu ya miti. "Ulitia mbegu ngapi kila shimo?" "Mbili." "Hapa naona tatu." "Mbili au tatu." "Msomi huyu!" Mvua ilikuwa imezisogeza nyingine, na kuku wa nyumba ya jirani walikuwa wametuona mapema na kuanza kufukua upande wao. Wafula alikuwa akiwafukuza kwa kofia, akiapa kwa lugha yake.

Tukiwa hivyo akaja arap Rono na mkewe. Arap Rono alikuwa Mkipsigis wa makamo aliyeendesha maksai wa shamba, na kila jioni mkewe, Chebet, alituletea maziwa katika kibuyu, tukimpa chumvi na dagaa wetu. Arap Rono alisimama kwenye ua akatutazama. Aliuliza, akaelezwa na watu watatu kwa pamoja. Alicheka mpaka akashika nguzo.

"Ninyi watu wa ziwa," alisema, "mna sheria nyingi kuliko serikali." Kisha akaacha kucheka. "Lakini mnabishana juu ya kitu cha mtu. Hapa mlipopiga magoti baba yangu alilaza ng'ombe. Pale kwenye choo chenu palikuwa zizi la ndama. Mimi nilitahiriwa nikitoka hapa. Mzungu alipanda chai yake hakuniuliza. Na ninyi mmeniuliza?"

Okelo alinyanyua magoti kutoka kwenye matope, akasimama. Wafula akawaacha kuku, akavaa kofia yake.

"Kama kuna mwenye boma hapa, ni nani?" arap Rono akaendelea.

"Wewe," Okelo akasema taratibu, na nikaona uso wake unaanza kufunguka. "Ni wewe, mzee! Basi hili si shamba la baba yake. Haliwezi kuwa shamba la baba yake!"

"Kwa hiyo nani apande kwanza?"

"Wewe! Lakini," Okelo akakumbuka, "lazima awe pamoja na mke wa kwanza."

Arap Rono alimgeukia Chebet. "Wanataka mke wa kwanza."

"Mimi wa kwanza na mimi wa mwisho," Chebet akasema, "na nikilowa hapa kwa ajili ya maharagwe ya wanaume, kesho hakuna maziwa. Leteni jembe." Alilichukua mwenyewe, akapiga mashimo mawili kabla mumewe hajainama. Arap Rono akatia mbegu, Chebet akafunika kwa mguu. "Sasa pandeni, wapangaji wangu," mumewe akasema. Kila mtu alicheka, na yeye akacheka pia. Lakini alikaa akitazama yale mashimo mawili muda mrefu kidogo kuliko mzaha ulivyohitaji, kisha akanyanyua macho kwenye chai, mistari juu ya mistari mpaka mlima ulipoishia. Wakati ule sikufikiri lolote. Nilikuwa nimeokoka. Nimelifikiria baadaye, katika miji mingi ambayo ilikuwa boma la mtu kabla ya kuwa mji.

Ndugu mdogo aliondoka kesho yake na akasimulia, kama tulivyotarajia, lakini akasimulia yote, na hadithi ilipofika Asembo ilikuwa ya kuchekesha tayari. Siku kumi baadaye mpita njia alituletea habari: Baba alifika jioni, akapanda alfajiri pamoja na Mama, na mvua ikanyesha alasiri ile ile, ikawakuta wote kumi na mmoja wamejipanga wakingoja zamu. Zamu yangu aliifanya Baba mwenyewe kwa niaba yangu. Nililala vizuri usiku huo, ingawa mlangoni.

Nilimngoja baada ya siku kumi na nne, kisha baada ya ishirini. Ilikuja barua badala yake, mkono wa katekista, maneno ya Mama. "Mwanangu," ilisema, "niambie huko mlimfanya nini baba yako. Ameingia jikoni kwangu akaniambia moto wangu ni mkali. Nikadhani ni homa. Kesho yake akaniambia managu hutiwa maziwa mwishoni. Mke mwenzangu amecheka mpaka amekaa chini. Nimemwuliza amejua wapi, anasema ameona. Mtu haoni chumvi, mwanangu. Chumvi huonjwa." Chini yake yalikuwa maneno mawili ya Baba: palizi nayo lazima aianze yeye, na mavuno pia, kwa hiyo nikae. Nilisoma barua ile kwa sauti, kwa kuwa hatukuwa na siri, na Okelo aliviringika kitandani akipiga kelele, "Mikayi amekutana na Mikayi!"

Basi nikakaa mwaka. Makori aliniandikisha kwa jina langu, na boma la mzaha likanipa cheo cha Baba kwa urithi, Mikayi mdogo, mke wa kwanza wa kwanza duniani asiyejua kupika. Nilijifunza. Nilijifunza kwamba unga wa posho unataka maji yaliyochemka sana na subira, kwamba maharagwe ya jana ni matamu kuliko ya leo, na kwamba mtu aliyepika akiwa amelowa, mgongo ukimuuma, haoni mzaha wowote mtu mwingine akilalamikia chumvi. Nilipofikiria miaka ambayo Mama alilima mchana kutwa kisha akatupikia, na sisi tukakaa nje tukiuliza chakula kiko wapi, niliona haya peke yangu kando ya mafiga. Elimu hiyo misheni hawakuwa nayo.

Na kwa kuwa nilijua kuandika, kila Jumapili laini nzima ilikaa mlangoni petu ikingoja barua. Nadhani mimi ndiye niliyesikia mambo ya nyumba nyingi kuliko mtu yeyote wa Nyanza wakati ule. Wanaume waliagiza kama majemadari. "Andika: ndama asiguswe mpaka nije." Na jibu lilikuja baada ya mwezi mmoja: ndama amebadilishwa kwa mbuzi watatu, nao wamezaa, unasalimiwa na mbuzi. Wafula aliniambia, "Andika: nyumba asianze kujenga, mwanamke hawezi kuchagua mahali. Nitajenga nikirudi." Jibu la mkewe lilikuwa fupi kuliko salamu zake. "Nimejenga. Rudi uone mlango umetazama wapi." Wafula aliishika karatasi ile muda mrefu, ingawa hakujua kusoma. "Umetazama wapi?" akaniuliza. Nikamwambia haikuandikwa. Siku nyingi baada ya hapo, tukichuma, alikuwa akisimama ghafla katikati ya mstari na kusema peke yake, "Mashariki. Lazima ni mashariki."

Baba alirudi mwaka uliofuata, mawingu mapya yalipoanza kukaa juu ya ziwa. Safari hii mvua ya nyumbani iliwahi. Alikuwa ameanza kupanda na Mama, akakaa siku chache, kisha akapanda mlima. Aliingia ndani, akanusa, akafunua sufuria kabla ya kunisalimu. Alionja. "Hm," alisema, na kwetu hilo ni sifa. Vitanda vilihamishwa upya, Wafula akinung'unika upya. Baba alisema amekuja kushika kazi yake, kwa sababu nyumbani Mama anamruhusu kuonja tu. "Na wewe," akaniambia, "sasa ushuke. Kipande chako kinakungoja."

Siku tatu sikushuka. Nilisema nasubiri tiketi ijae, na ilikuwa imejaa. Ukweli ni kwamba dereva wa lori lililopeleka masanduku ya chai stesheni ya Lumbwa alikuwa ameniahidi nafasi, na mimi nilitaka kuona reli inakwenda wapi. Nilitaka sana, kama mtu anavyotaka maji. Lakini nilijua hesabu ya boma letu. Baba na wake zake walikuwa wamekwisha kupanda, zamu sasa ilikuwa yangu, na nyuma yangu alisimama Ouma, na nyuma ya Ouma wengine. Mwaka uliopita Baba aliweza kunifanyia. Sasa alikuwa hapa. Nikienda stesheni, nimekuwa yule mtu mmoja anayengojwa, niliyemtafuta kwa miguu siku tano. Nikishuka Asembo, nilijua sitatoka tena. Usingizi ulinihama. Hata Okelo aliacha kunitania, na hapo nikajua hali yangu inaonekana.

Asubuhi ya nne, kengele ya chuma ikilia, nilimwambia Baba nje ya mlango. Nilisema vibaya, maneno yakipandana. Nilisema naenda kutafuta kazi ya ukarani, nilisema nitarudi kabla ya palizi, na hakuna hata moja lililokuwa kweli. Alikuwa akifunga gunia kiunoni. Alifunga fundo, akalikaza, akalifungua, akalifunga tena. "Vaa viatu," alisema. "Huko unakokwenda watu wanatazama miguu." Akachukua kikapu chake, akaondoka na wenzake.

Nilikaa juu ya masanduku, viatu mguuni. Lori lilikwenda polepole kwa sababu ya matope, na barabara ilipita kandokando ya mstari waliokuwa wakichuma. Niliwaona wote: Okelo akiwa mrefu juu ya chai, Wafula na kofia yake, Baba ameinama. Sikuweza kupita hivi hivi. Nilisimama, nikashika kamba, nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote.

"Baba! Waambie wasiningoje! Waambie wapande!"

Aliinuka polepole, mkono kiunoni, akaweka kiganja kando ya mdomo.

"Walishapanda!"

"Nani?"

"Ouma! Wote! Siku ile ile niliyoondoka! Bibi yako alisema aliyeko njiani harukwi, huzungukwa!"

Mstari mzima ulilipuka kwa kicheko. Okelo alitupa mikono juu akapiga kelele, "Kumbe hata hawakukungoja, bwana mkubwa!" na Makori akaja mbio akiwatukana warudi kazini. Baba alikuwa bado amesimama. Alinyoosha mkono akanionyesha mbele, kule lori lilikoelekea, kama mtu anayemfukuza ndama arudi njiani, kisha akainama kwenye chai yake.

Nilicheka pamoja nao mpaka tukapinda kona. Halafu nikaketi, nikapangusa uso kwa kofia. Dereva akatoa kichwa nje ya dirisha, akauliza kama kuna mtu anayeningoja huko ninakokwenda.

"Hakuna," nikasema.

"Basi huwezi kuchelewa," akasema, akaongeza moto.